Kuchunguzwa afya ya akili si kupelekwa Mirembe

Dada, umeuliza kama mpwa wako wa miaka 15, mwenye kesi Mahakama ya Watoto, akichunguzwa afya ya akili ndiyo atapelekwa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Hapana. Uchunguzi wa awali ni maswali tu: analala vizuri? Ana hasira zisizotulia? Ametumia bangi au pombe? Amewahi kutaka kujidhuru? Hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kwa watoto walio mahabusu, na ndiyo sababu aulizwe mapema, si baada ya wiki. Marekani wana dodoso liitwalo MAYSI-2, maswali 52 ya ndiyo au hapana, dakika kama 10. Majibu hayampi mtoto jina la ugonjwa. Yanaonyesha tu nani amwone mtaalamu haraka. Mirembe ni hatua nyingine, kwa anayehitaji.

Kwa sasa mtafute afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia kesi. Ripoti yake kwa mahakama hugusa nyumbani, shule na historia ya matibabu. Mweleze kila kitu, hata yale ambayo familia inaona aibu kuyasema, na kama kijana ameshataja kufa, mwambie leo hii.