Rangi kutoka barafuni: maswali yenu

Bakteria wa barafuni anahitaji rangi ya nini, ilhali hakuna anayemtazama?

Kwake rangi si pambo, ni ngao. Antaktika na kwenye vilele vya milima mionzi ya urujuanimno ni mikali, na theluji huiakisi ikampiga mara ya pili. Isitoshe, maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto, na oksijeni hiyo ikichokozwa na mwanga huzaa molekuli zinazoharibu seli. Karotenoidi, yaani zile rangi za njano, chungwa na nyekundu, huzizima. Nyingine hujipachika kwenye utando wa seli na kusaidia kurekebisha ukakamavu wake.

Theluji ya waridi nayo ni kazi yao?

Mara nyingi hapana. Huo ni mwani.

Nimesikia kuna zambarau inayoua vijidudu. Ni kweli au ni biashara?

Vyote viwili. Inaitwa violaseini, na mmoja wa watengenezaji wake ni *Janthinobacterium lividum*, anayepatikana kwenye udongo, maji na barafu. Huiunda kutokana na triptofani, asidi amino ya kawaida kabisa. Maabara zimeonyesha kwamba inazuia bakteria kama *Staphylococcus aureus*, na *Janthinobacterium* mwenyewe akiishi kwenye ngozi ya baadhi ya vyura na salamanda huwasaidia kupambana na kuvu hatari. Hariri, sufu na nailoni huipokea vizuri. Ila haiyeyuki vyema majini, hivyo hutolewa kwa vimiminika kama ethanoli, na jua huifubaza. Hilo la mwisho wauzaji hupenda kulipitia harakaharaka.

Kuwakuza kwenye baridi si kunaokoa nishati?

Hoja hii naisikia mno, nami siikubali yote. Ni kweli tangi la kukuzia bakteria halihitaji kupashwa moto. Lakini bakteria wakila hutoa joto lao wenyewe, na tangi la maelfu ya lita lililojaa bakteria wenye shughuli lazima lipozwe. Wapenda baridi halisi hustawi kwenye nyuzi 15 za Selsiasi au chini yake, kwa hiyo upoozaji ndio unaokula umeme. Tena wengi wao hukua polepole, na tangi linalokaliwa muda mrefu ni gharama. Ndiyo maana watafiti wengi huchukua jeni za kutengeneza rangi, tano kwa upande wa violaseini, na kuzipandikiza kwenye *Escherichia coli* anayekua haraka.

Tutaila lini kwenye peremende?

Si karibuni. Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha Red No. 3, rangi nyekundu ya viwandani, kwenye vyakula, na hamu ya rangi asilia ni kubwa, lakini kuitwa asilia hakukuondolei vipimo vya usalama. Astazanthini, karotenoidi nyekundu, ya bakteria *Paracoccus carotinifaciens*, ambaye si wa barafuni, tayari hulishwa samaki aina ya samoni ili nyama yao iwe na wekundu. Kwa rangi za barafuni, nguo na vipodozi naviona vikitangulia chakula. Seli za sola, zile zinazogeuza mwanga kuwa umeme, zimejaribiwa pia kwa karotenoidi za bakteria wa Antaktika. Ufanisi wake haukufika hata asilimia 1.