Wasomaji Wanauliza: Roki na Mahali Ilipopigwa

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie wimbo, albamu na tamasha la roki mnalolipenda kuliko yote, na mseme kwa nini. Mmeandika kweli kweli. Queen wametajwa na wengi, Pink Floyd wanawafuata kwa karibu, na kuna barua moja ndefu inayohusu mpiga besi mmoja tu, ambayo nimeisoma yote kwa furaha. Leo nazichukua zile zilizobeba swali. Nimekuwa fundi sauti karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo majibu yangu huanzia pale pale: sauti hii ilipigwa wapi, na waliokuwepo walikuwa wanafanya nini?

Kaka yangu anasikiliza roki kutwa. Ninampenda na ningependa tuipende pamoja, ila masikioni mwangu ni kelele tupu. Nianzie wapi? – Msikilizaji Mpya

Dada yangu, anza na ngoma. Gitaa la umeme lenye mkwaruzo hujaza masikio mpaka vyombo vingine vinajificha nyuma yake, na mtu asiyelizoea huishia kusikia ukuta. Kwa sasa liache. Mwombe kaka yako akupigie "When the Levee Breaks" wa Led Zeppelin, wimbo unaofunga albamu yao ya nne ya mwaka 1971. Unaanza na ngoma peke yake, na hapo mwanzoni ndipo pa kutulia.

Bendi ilikuwa imehamia Headley Grange, jumba la zamani huko Uingereza lililowahi kuwa makao ya maskini. Ngoma za John Bonham ziliwekwa ukumbini, chini ya ngazi, na fundi wao Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili kutoka ghorofani. Kwa kawaida maikrofoni husogezwa karibu na kila ngoma. Yeye aliziweka mbali, hewa na kuta zifanye kazi. Ule uzito unaousikia, kama kwamba ngoma ni kubwa kuliko mtu, ni Bonham pamoja na ngazi zile. Jumba lenyewe limeingia kwenye rekodi.

Wimbo wenyewe ni wa zamani zaidi. Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy waliurekodi mwaka 1929, baada ya mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Unahusu tuta linalobomoka na watu wasio na pa kukaa. Ukilijua hilo, uzito wa ngoma unapata maana yake.

Usikilize mara ya kwanza kwa ajili ya ngoma, mara ya pili fuata besi ya John Paul Jones, na mara ya tatu mruhusu Jimmy Page na gitaa lake aingie. Nina imani kwamba hutaita kelele tena.

Mimi na rafiki yangu hatuelewani. Yeye anasema kazi halisi ya bendi ni albamu ya studio, na rekodi za jukwaani ni za mashabiki waliokolea tu. Mimi naona kinyume. Tuamulie. – Wa Mstari wa Mbele

Moyo wangu uko upande wako, lakini rafiki yako ana hoja nzito na lazima uisikilize. The Beatles waliacha matamasha mwaka 1966. La mwisho la kulipiwa lilikuwa San Francisco, tarehe 29 Agosti. Mayowe ya mashabiki yalizidi nguvu vipaza sauti vya wakati ule, hata wao wenyewe jukwaani walikuwa hawajisikii. Wakajifungia studio, na mwaka uliofuata wakatoa "Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band", kazi ambayo watu wanne wenye magitaa wasingeweza kuipiga jukwaani jinsi ilivyo.

Au chukua "Bohemian Rhapsody" wa Queen, mwaka 1975. Ile sehemu ya katikati yenye kwaya nzima iliimbwa na watu watatu, Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor, wakirundika sauti juu ya sauti kwenye tepu mpaka wakawa umati. Jukwaani haikuwezekana. Ikifika sehemu hiyo, walikuwa wanaondoka na kuiacha tepu iimbe.

Sasa tazama walichofanya kwenye uwanja wa Wembley, katika tamasha la hisani la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985. Walikuwa na dakika kama 20 tu. Mercury, yule mtoto aliyezaliwa Zanzibar, akakaa kwenye piano, akaimba mwanzo wa wimbo huo, na kabla ya kufika kwenye kwaya akaukata. Wakaingia "Radio Ga Ga", na mikono ya watu zaidi ya 70,000 ikapiga makofi kwa pamoja. Baadaye akasimama na kuita kwa sauti tupu, bila maneno, na uwanja ukamjibu kila alichoimba. Hakuna studio yenye chombo hicho. Mimi huwa nasisimka kila nikiitazama picha ile, na nimeitazama nikiwa na mawazo ya kila aina.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni Deep Purple. Desemba 1971 walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi kwenye kasino. Mtu mmoja akafyatua fataki wakati wa onyesho la Frank Zappa, jengo likaungua, na moshi ukatanda juu ya ziwa. "Smoke on the Water", yaani moshi juu ya maji, ulizaliwa hapo. Sehemu kubwa ya albamu, "Machine Head", wakaimalizia kwenye korido za hoteli iliyofungwa kwa majira ya baridi, kebo zikitoka dirishani hadi kwenye lori la kurekodia la bendi ya Rolling Stones. Lori hilo hilo Led Zeppelin nao walilitumia Headley Grange. Ni albamu nzuri sana.

Agosti 1972 wakazipeleka nyimbo hizo Osaka na Tokyo, nako kukatoka "Made in Japan". "Space Truckin'", ambao studio ni wimbo wa dakika nne na nusu, unakaribia dakika 20. Jon Lord anakisukuma kinanda chake mpaka kinanguruma kama gitaa. Katika "Strange Kind of Woman", Ritchie Blackmore anapiga kipande cha gitaa na Ian Gillan anakirudia kwa koo. Gitaa linapanda, koo linapanda, mpaka unajiuliza nani atakata tamaa kwanza. Hawakuweza kulipanga hilo mezani. Lilitokea kwa sababu walikuwa wanatazamana machoni mbele ya watu waliokaa kimya wakisikiliza. Ningelazimishwa kubaki na albamu moja tu ya Deep Purple, ningebaki na hiyo ya Japani.

Mwambie rafiki yako azisikilize zote mbili siku moja, studio kwanza. Kisha aniandikie.

Nikijaribu kupiga makofi kwenye "Money" wa Pink Floyd, napotea kila mara. Kasoro iko kwangu? – Makofi

Huna kasoro. Mapigo ya nyimbo nyingi za roki yanahesabiwa nne nne. Huu unahesabiwa saba. Sikiliza mwanzo: sarafu, karatasi inayochanwa, mashine ya fedha ya dukani. Roger Waters alivirekodi vile vishindo, vikakatwa vipande saba vya tepu vyenye urefu sawa na kuunganishwa mduara, ukawa unazunguka wenyewe. Hesabu moja hadi saba pamoja nao. David Gilmour akianza kupiga gitaa peke yake, wimbo unageuka kuwa nne nne, na hapo makofi yako yatakaa sawa. Halafu tafadhali usiusikilize peke yake. "The Dark Side of the Moon" ya mwaka 1973 inaanza na mapigo ya moyo na kuisha nayo. Ni kitu kimoja kizima.

Kama ungeweza kurudishwa kwenye tamasha moja tu la zamani, ungechagua lipi? – Mwenye Shauku

Wengi wangetaja Woodstock, Jimi Hendrix Jumatatu asubuhi mwezi Agosti 1969, akiupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa lake kama ndege za vita. Ninaheshimu. Mimi ningekwenda Manchester, Mei 1964, kwenye kituo cha treni kilichokuwa hakitumiki tena.

Televisheni ya Uingereza ilikuwa inarekodi kipindi cha bluzi na gospeli. Watazamaji vijana walikaa upande mmoja wa reli, wanamuziki upande wa pili. Mvua ilikuwa inanyesha. Akafika kwa gari la farasi Sister Rosetta Tharpe, mama wa makamo kutoka Arkansas aliyevaa koti la heshima, akachukua gitaa jeupe la umeme, na akaanza na "Didn't It Rain". Wimbo wa gharika ya Nuhu, huku jukwaa limelowa! Anaimba kwa sauti ya kanisani, kisha anaachia mkono wa kulia kwenye nyuzi na unasikia kila kitu ambacho vijana wa roki walikuja kusifiwa nacho baadaye.

Na hakuwa mwanafunzi wao. Mwaka 1944 alikwisharekodi "Strange Things Happening Every Day", gospeli yenye mdundo ambao wanahistoria wengi wanautaja wakitafuta mizizi ya roki. Chuck Berry, mmoja wa vijana hao wa roki, alitoa "Johnny B. Goode" mwaka 1958. Rosetta alifariki mwaka 1973, na akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Roki mwaka 2018. Miaka 45 baadaye! Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Picha za kituo kile zipo. Zitafute, muone mikono yake.

Je, Afrika imewahi kuwa na roki yake? – Mtafutaji

Imewahi, na kwa nguvu. Nenda Zambia ya miaka ya 1970, kwenye muziki unaoitwa Zamrock: magitaa yenye mkwaruzo mzito juu ya midundo ya nyumbani. Anza na WITCH, bendi ya Emmanuel Chanda, aliyeitwa "Jagari" kutokana na jina la Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones; albamu yao "Introduction" ni ya mwaka 1972, na "Lazy Bones!!" ya 1975 ndiyo ninayoirudia zaidi. Ongeza "Africa" ya Amanaz, mwaka huo huo wa 1975. Bei ya shaba ilipoanguka, uchumi ukabana na maonyesho yakapungua, kisha UKIMWI ukawachukua wengi wa kizazi kile. Chanda alikwenda kuchimba vito. Baadaye alirudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, "Zango".

Nakwenda tamasha langu la kwanza la roki. Nisimame wapi? – Tiketi Mkononi

Tafuta meza ya fundi sauti, kwa kawaida iko katikati ya watu, mbali kidogo na jukwaa. Simama karibu nayo, kwa sababu fundi anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa hapo hapo. Mbele kabisa utawaona wanamuziki vizuri, lakini mara nyingi sauti ya mwimbaji inakupita juu ya kichwa na unabaki na gitaa la upande wako tu.

Vaa vizibo vya masikio vya kweli. Pamba haitoshi. Nalisema hili kwa uzito wote. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, ameishi miaka mingi na mlio masikioni na usikivu uliopungua, na mwaka 2016 Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, alilazimika kusitisha ziara kwa sababu ya masikio yake. Vizibo vizuri havikuondolei muziki, vinaushusha tu. Na wimbo mmoja wakati wa onyesho, usimwangalie mwimbaji. Mwangalie mpiga ngoma na mpiga besi wanavyopeana ishara.

Kwa toleo lijalo nitumieni albamu moja tu ya jukwaani, na dakika moja ndani yake ambayo hamuwezi kuiruka. Nitazisikiliza zote kabla ya kujibu.