Gemu ya Zamani: Ianze Kavu au Uipambe Kwanza?

Kila gemu za zamani zinapotiwa punguzo, simu yangu hujaa swali lilelile: "Kaka, nimenunua Morrowind. Niweke modi gani kabla sijaanza?" Modi ni nyongeza zinazotengenezwa na mashabiki kuibadilisha gemu. Anayeuliza huwa ameshatazama video tele, ameshaambiwa kwamba bila kuifumua na kuishona upya gemu hiyo haichezeki, na bando lake limeshaanza kulia.

Jibu langu huwa hili: weka kinachoizuia gemu isivunjike, acha kinachoibadilisha. Kiraka, yaani faili la kurekebisha makosa, ndiyo; modi bado. Wengi hawalipendi jibu hilo, ndiyo maana leo nalieleza kwa urefu.

Nitashikilia Morrowind kwa sababu naijua vizuri. Ilitoka mwaka 2002, ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls wa Bethesda, ikafuatwa na nyongeza mbili: Tribunal mwaka huohuo, na Bloodmoon mwaka 2003. Siku hizi zote tatu huuzwa kwa fungu moja. Raha yake kwa sisi wa Kisumu ni kwamba laptopu ya ex-UK, zile zinazouzwa mjini bila kadi ya michoro ya maana, inaimudu bila shida. Gemu yenyewe haijai hata kona ya diski.

Mpwa wangu anayekaa Kondele aliichukua kwa njia nyingine. Alipata orodha ya modi mamia, akawa anapakua usiku wakati bando ni rahisi, asubuhi anapanga mafaili, jioni anauliza watu mtandaoni kwa nini anga limegeuka zambarau. Miti ilikuwa mizuri, nakubali. Ukuta wa nyumba ulikuwa na nyufa unazoweza kuzihesabu. Lakini feni ya laptopu ilinguruma mpaka dada yangu akauliza kama kuna kitu kinaungua, na kila alipotoka nje ya kijiji cha kwanza, Seyda Neen, gemu ilizimika. Balmora, mji ambao hadithi yenyewe inaanzia, hakuwahi kuuona. Alijua jina la kila modi na hakujua jina la mhusika hata mmoja.

Sasa jiulize orodha hizo zinaandikwa na nani. Zinaandikwa na watu walioimaliza gemu mara nyingi hadi wanaijua kama kiganja cha mkono. Wamechoshwa na uso uleule wa mlinzi, silaha zilezile, mapango yaleyale. Wanachotafuta ni upya. Wewe unayeanza, kila kitu ni kipya tayari. Ukichukua orodha yao unatibiwa ugonjwa ambao hujaupata.

Tuanze na lalamiko kubwa kuliko yote, vita. Mtu anatoka afisi ya forodha pale Seyda Neen na dhahabu 87 mfukoni na kisu cha chuma alichokiokota mezani. Anakutana na kaa ufukweni. Anampiga, kisu kinapita mwilini mwa kaa, hakuna kitu. Mpwa wangu alinipigia simu akiwa amekasirika: "Anko, nagonga huyu kaa na simpati! Gemu imeharibika!" Haijaharibika. Ndani kwa ndani gemu inarusha dadu. Inachukua ujuzi wako wa silaha uliyoshika, inaongeza sehemu ya tano ya wepesi wako na sehemu ya kumi ya bahati yako, kisha inazidisha kulingana na pumzi uliyo nayo: pumzi ikijaa inazidisha kwa 1.25, ikiisha inazidisha kwa 0.75. Mwisho inaondoa uwezo wa adui wa kukwepa.

Weka tarakimu uone. Umechagua mhusika wa upanga mrefu, wepesi 40, bahati 40. Kisu ni silaha fupi, na kama hukuichagua kabisa, ujuzi wako ni 5. Hiyo ni 5 na 8 na 4, jumla 17. Ukiwa na pumzi yote unapata kama asilimia 21. Na hukuwa na pumzi, kwa sababu ulikuja mbio kutoka kijijini, kwa hiyo ni kama 13. Kaa hajaanza hata kukwepa. Sasa chukua mhusika wa kabila la Redguard aliyeweka upanga mrefu kwenye ujuzi mkuu, na utaalamu wake ni wa vita: anaanza na 50. Akifika kwa kaa akitembea, pumzi imejaa, ana zaidi ya asilimia 77 kabla ya kaa kukwepa. Ni kaa yuleyule, ufuo uleule, na hujaweka modi yoyote.

Ipo modi inayofanya kila pigo lipate. Watu wengi huiweka siku ya kwanza. Shida ni kwamba mahesabu yote ya wepesi, bahati na pumzi, na dawa za kurudisha pumzi unazoweza kuchemsha mwenyewe, yanakuwa mapambo tu. Utaikuta chupa ya dawa kwenye kreti na hutajua iliwekwa pale kwa nini. Ukiona vita ni vigumu hata baada ya kuelewa hayo, ndani ya mipangilio ya gemu kuna kitelezi cha ugumu. Kishushe. Hakuna wa kukucheka.

La pili ni maelekezo, na hapa ndipo nitagombana na mtu. Morrowind haina mshale wa kukuonyesha pa kwenda. Mtu anakwambia kwa maneno, maneno yanaandikwa kwenye daftari lako, basi. Hasphat Antabolis wa Balmora akikutuma ukamletee kijisanduku kutoka magofu ya Arkngthand, anakueleza utoke mjini, ushike njia ya ngome ya Moonmoth, uvuke daraja la kale la Dwemer, watu waliotoweka zamani, na ukifika utafute mpini wa kuzungusha ndipo mlango ufunguke. Ni kama vile unavyoelekezwa hapa kwetu: ukitoka Kibuye shika barabara ya Kondele, ukiona duka la rangi ya buluu kata kushoto, hapo uliza kwa mama wa samaki. Unafika ukiwa umeangalia kila kitu njiani. Mshale ungekufikisha haraka, lakini daraja lile ungelivuka ukitazama pembe ya skrini.

Modi za kuweka alama kwenye ramani zipo nyingi. Zikatae kwa sasa. Utapotea, ndiyo. Kupotea kwenye kisiwa cha Vvardenfell ndiko kunakokupeleka kwenye pango ambalo hakuna aliyekutuma, na huko ndiko niliko na kumbukumbu zangu nzuri. Kama daftari linakuchanganya, usihangaike: Tribunal ilileta namna ya kupanga daftari kwa kila kazi peke yake, na kwa kuwa unanunua fungu zima, tayari unayo.

La tatu ni mwendo. Mhusika wako mwanzoni anatembea kama amebeba gunia la mahindi. Modi ya kuongeza kasi ni ndogo, inapakuliwa haraka, na inashawishi. Lakini angalia kilichofungwa na mwendo huo. Ukichagua nyota ya Steed unapozaliwa unapata kasi 25 za ziada, na chaguo hilo lina maana tu kama kasi ni adimu. Silt strider, yule mdudu mkubwa anayebeba abiria kati ya miji, ana maana kwa sababu miguu yako ni mizito. Hivyo hivyo uchawi wa Mark na Recall, wa kuweka alama mahali na kurudi hapo mara moja, na wachawi wa chama wanaokurusha mji hadi mji. Hata kuna viatu fulani vinavyokupa kasi ya ajabu na kukupofusha macho papo hapo. Sitasema viko wapi. Aliyeweka modi ya kasi atavivaa, ataona giza, atavitupa. Asiyeiweka atakaa chini afikirie jinsi ya kupata kasi bila upofu, na jibu lipo ndani ya gemu.

Cliff racer siwatetei. Hao viumbe warukao wanaokufuata kilima hadi kilima wakilia, wakikukatiza usingizi, wamemchosha kila mtu. Bethesda wenyewe walijua: katika Oblivion ya 2006, gemu iliyofuata kwenye mfululizo, unasikia uvumi kwamba Mtakatifu Jiub aliwafukuza wote kutoka Vvardenfell, naye Jiub ndiye yule jamaa anayekuamsha melini mwanzo kabisa wa Morrowind. Ukishindwa kabisa, weka modi ya kuwapunguza hasira. Nitajifanya sijaona.

Basi uweke nini siku ya kwanza? Mimi ninaweka OpenMW. Hii si modi hasa, ni injini mpya ambayo watu wa kujitolea wamekuwa wakiijenga tangu 2008. Inasoma mafaili ya gemu uliyonunua na kuiendesha kwa utulivu zaidi kwenye mashine za leo, Windows au Linux, bila malipo. Hapo ndani kuna mpangilio wa kukuza maandishi. Tumia. Maandishi ya 2002 kwenye skrini ya leo ni mateso, na gemu hii ni ya kusoma kuliko ya kupiga. Ukaguzi wa macho si sehemu ya ubunifu wa mtu yeyote.

Juu yake weka Patch for Purists, ambayo hurekebisha makosa: mazungumzo yaliyokosewa, kazi zinazokwama, vitu vilivyowekwa vibaya. Haikuletei silaha mpya wala haigusi ugumu.

Umbali wa kuona ni suala la ladha. Gemu ya asili ina ukungu wa karibu, OpenMW inaweza kuuondoa. Ushauri wangu ni uongeze kidogo tu. Ukifungua wote utaona kisiwa ni kidogo kuliko ulivyodhani, kwa sababu ukungu ule ndio unaofanya safari ya Balmora hadi mji wa Vivec ionekane safari.

Na kuna kitu kimoja cha kubadilisha gemu ambacho ninakiruhusu. Ukiwa na Tribunal, wauaji wa Dark Brotherhood huja kukuua ukilala, hata kama wewe ni mgeni wa usiku wa kwanza. Nyongeza ile ilitengenezewa watu waliokuwa wameshakomaa kwenye gemu. Zilipounganishwa kwenye fungu moja, mgeni akapewa adui wa mkongwe. Zaidi ya hapo, ukibahatika kumshinda muuaji, vazi lake linauzwa kwa pesa nyingi mno na umaskini wako wa mwanzoni unaisha usiku mmoja. Zipo modi ndogo za kuwachelewesha. Weka moja.

Sisemi kila gemu iko hivi. Vampire: The Masquerade – Bloodlines ya 2004 ilitoka ikiwa na hitilafu nyingi, kampuni ya Troika iliyoitengeneza ikafungwa mwaka uliofuata, na mashabiki ndio walioendelea kuitengeneza. Hiyo usiiguse bila kiraka cha mashabiki. Oblivion nayo ina tatizo la adui kukua kila unapokua, mpaka jambazi wa kando ya barabara anakudai shilingi chache akiwa amevaa mavazi ya thamani ya kasri. Linaudhi kweli, ila linajitokeza ukiwa umeshaenda mbali. Hakuna haja ya kulitibu saa ya kwanza.

Ukishaimaliza Morrowind, au ukishaichezea mpaka unaweza kusema mwenyewe, bila video ya mtu, ni kipi kinakukera, hapo fungua mlango. Mimi ningekwenda moja kwa moja kwa Tamriel Rebuilt, kazi ya miaka mingi ya mashabiki wanaojenga bara lililo nje ya kisiwa, tena kwa roho ileile ya maelekezo ya maneno. Anza nayo na mhusika mpya.

Na kabla hujaongeza chochote, nakili folda nzima ya gemu na folda ya hifadhi zako, yaani mafaili yanayotunza ulipofikia, kwenye flashi. Modi ukiiweka katikati ya mchezo kisha ukaitoa, hifadhi zako zinaweza kubaki zinatafuta vitu ambavyo havipo tena, na zikakataa kufunguka. Hifadhi kwa majina tofauti, si moja unayoandika juu yake kila siku, maana stima zetu mnazijua na betri za ex-UK mnazijua. Mpwa wangu sasa yuko mji wa Ald'ruhn, hana modi zaidi ya hizo nilizotaja, na ameacha kunipigia kuhusu kaa. Siku hizi ananiuliza Nyumba ipi, yaani ukoo upi wa watawala, kati ya tatu ajiunge nayo, na hilo nimekataa kumjibu.