Muziki wa chipu kwenye kompyuta za zamani: maswali yenu

Maswali yamerundikana, na karibu yote yanahusu Commodore 64 (C64), ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, kwa hiyo leo tunakaa nayo hiyo, wa Amiga, ile kompyuta nyingine ya Commodore, mnisamehe.

Mkuu nimepata Commodore 64 inawaka vizuri tu, ila sina diski wala kaseti wala katriji. Kuna kitu naweza kupiga?

Kipo. Ukiiwasha inakupeleka moja kwa moja kwenye BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, andika huu mstari kama ulivyo halafu bonyeza RETURN:

POKE 54296,15:POKE 54278,240:POKE 54273,25:POKE 54276,17

Itatoka noti moja imenyooka haikatiki mpaka uandike POKE 54276,16. Ile ya kwanza inafungua volyumu hadi mwisho, ya pili inaiambia noti isififie, ya tatu inaamua iwe nyembamba au nene, ya nne inachagua wimbi na kuliwasha. Hapo kwenye 17 jaribu 33 usikie wimbi la msumeno, kisha 129 usikie mvumo kama redio iliyokosa stesheni. Hapo unaongea na SID yenyewe bana, ile chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes, na traka (programu ya kutungia muziki) yoyote utakayokuja kutumia baadaye kazi yake ni hiyohiyo, kupeleka namba kwenye rejista, yaani vijisanduku vya namba ndani ya chipu, ila yenyewe inapeleka haraka kuliko vidole vyako.

Nimesoma kwamba SID ina sauti tatu tu. Sasa mbona nasikia ngoma, besi, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) na melodi vyote kwa pamoja? Kuna ujanja gani?

Ujanja upo mwingi na kwangu ndo utamu wote wa huu muziki. Ni kweli sauti ni tatu, yaani kwa wakati mmoja zinalia noti tatu basi. Lakini programu ya muziki kwa kawaida inaamka mara 50 kwa sekunde na kila ikiamka ina ruhusa ya kubadilisha chochote, noti, wimbi, filta inayochuja sauti, kila kitu. Kwa hiyo kodi ya Do Mi Sol haipigwi noti tatu kwa mpigo, inapigwa Do, halafu Mi, halafu Sol, kila moja inakaa sehemu ya 50 ya sekunde kisha mzunguko unaanza upya, sikio linashindwa kuzitenganisha linasikia kodi inayotetemeka. Ule mtetemo ndo watu wakiusikia wanasema aah, hii sauti ya magemu ya zamani. Haukuwa pambo, ulitokana na uhaba wa sauti.

Ngoma nayo inaazima nafasi ya besi. Besi inalia zake, pigo la ngoma likifika programu inaikata, inaweka ule mvumo kwa muda mfupi sana halafu wimbi lenye noti inayoporomoka kwa kasi, ndo linakuwa "dum", kisha besi inarudi kama vile haikwenda popote. Msikilizaji haoni pengo kwa sababu ngoma yenyewe imelijaza. Ukitaka kuelewa vizuri, chukua wimbo mmoja unaoupenda uufungue kwenye traka, zima sauti mbili usikilize moja peke yake, utacheka. Unakuta mstari mmoja unafanya kazi za watu watatu.

Wimbo uleule kwenye mashine ya rafiki yangu unaenda mbio kuliko kwangu. Yangu imechoka?

Haijachoka. Yako ni ya PAL yake ni ya NTSC, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya TV. Hizo mara 50 nilizosema zinafuata picha ya TV, kwenye NTSC zinakuwa 60, wimbo unaongezeka kasi asilimia 20. Halafu saa ya ndani ya mashine ya NTSC inaenda haraka kidogo, hertz 1,022,727 dhidi ya 985,248, kwa hiyo hata noti zinapanda zaidi ya nusu ya semitoni. Ukitunga, andika umetungia mfumo gani.

SID ziko za aina mbili, 6581 au 8580? Na je naweza kuzibadilishana?

Kuzibadilishana hapana, hapana kabisa. 6581 inakula volti 12 na 8580 inakula 9, na zile kapasita za filta pembeni yake nazo ni tofauti.

Kuhusu ipi nzuri, mimi ni mtu wa 6581 na najua nitatukanwa. 8580 ni safi, filta yake inatabirika, ni chaguo la mtu mwenye akili timamu. 6581 ina mikwaruzo na kila moja imetoka kiwandani na filta yake, unaweza kutunga kitu kikali kwako, ukakipeleka kwenye 6581 nyingine kikasikika kama kimefunikwa blanketi. Ila ukisukuma filta yake inakoroma kwa namna ambayo 8580 haiwezi, na zile sampuli (sauti zilizorekodiwa) za kuchezea rejista ya volyumu, ngoma za kweli na sauti za watu, kwenye 6581 zinatoka wazi wakati kwenye 8580 zinanong'ona.

Adapta yake ya zamani inapata moto sana. Ni kawaida?

Iache. Leo. Adapta hizo za zamani zikifa zina tabia ya kuupandisha ule mstari wa volti 5 na kuunguza memori na chipu nyingine kabla hujajua kinachoendelea. Tafuta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya hiyo mashine, inatoa volti 5 DC na volti 9 AC, na ukiwa na maita pima kabla ya kuchomeka.

Emuleta, ile programu inayoiga C64 kwenye kompyuta ya kisasa, si inatosha?

Kwa kutunga inatosha sana, emuleta ya VICE iko vizuri. Mimi mwenyewe natunga huko, kwenye mashine napeleka mwishoni kusikia filta inasemaje.

Nataka kupiga laivu jukwaani kwa kinanda. Nianzie wapi?

C64 haina MIDI, ile njia ya kuunganisha kinanda na vyombo vingine, utahitaji katriji ya MIDI na programu kama Cynthcart inayoigeuza kuwa sintesaiza, hata kibodi yake yenyewe inageuka kinanda. Toa sauti kwenye ile soketi ya duara ya video na odio, usipitie waya wa antena. Ni mono, kwa hiyo kwenye miksa iweke katikati la sivyo nusu ya ukumbi haikusikii. Na chonde usichomeke wala kuchomoa waya mashine ikiwa inawaka, hata kama fundi mitambo anakuharakisha.