Muulize Mwalimu wa Michezo: Watu 15 dhidi ya Bayi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Babati. Nakimbia mita 1500 na napenda kutangulia tangu tunapoanza. Kwenye mashindano ya wilaya nilipita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 70, nikaishia wa saba kwa dakika 5 na sekunde 31. Sasa wenzangu wananiita Bodaboda Bila Mafuta. Kila toleo wewe unamtaja Filbert Bayi. Kwa nini mfano wako ni mtu wa zamani hivyo, na mkimbiaji wetu wa marathon Alphonce Simbu tunaye? Na je, niache kutangulia?
Binti wa Babati

JIBU: Marahaba, binti yangu. Wenzako wana midomo, lakini samahani, hilo jina limenichekesha.

Mimi ni mtu wa Mbulu na Bayi ni wa Karatu, majirani kabisa. Februari 1974 nilikuwa darasa la nne. Mjomba alikuwa na redio ya betri ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Siku hiyo alituita mwenyewe tuje tusikilize: kijana wa Karatu, miaka 20, ameshinda mita 1500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, na amevunja rekodi ya dunia. Dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya Mmarekani Jim Ryun ilikuwa imekaa tangu 1967.

Namna alivyoshinda niliielewa baadaye. Wakati ule mbio hizi zilikuwa za kuviziana: mnakwenda kwa kundi, mnatazamana, mwisho mmoja anachomoka. Bayi aliondoka na mlio wa bastola. Kwenye mita 800 alikuwa mbele kwa mita kama 20, na nyuma yake si watoto: kulikuwa na Mkenya Ben Jipcho, na John Walker wa New Zealand, aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wa kwao. Walker alimkaribia mwishoni, akavunja rekodi ya Ryun naye, akabaki wa pili. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0.

Nilipoanza kufundisha, niliona namba hizi haziwaingii wanafunzi. Basi nikachukua vijana 15 wa kidato cha pili, kila mmoja akimbie mita 100 tu, wapokezane kijiti. Watu 15 dhidi ya Bayi mmoja. Ili kumfikia, kila mtu alitakiwa amalize kwa sekunde 14 na kidogo. Kijiti kilianguka mara moja, mmoja alikimbia na kandambili mkononi. Dakika 3 na sekunde 41! Walilala kwenye nyasi wakihema, na mmoja akauliza, "Sasa yeye alimpa nani kijiti?" Tangu siku hiyo sikuhitaji kumweleza mtu Bayi ni nani.

Kuhusu Simbu, namvulia kofia. Ila angalia alivyoshinda marathon ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, Tokyo mwaka 2025: alivizia mpaka mwisho kabisa, akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe, wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48. Kwa hiyo kuvizia nako kunaleta dhahabu. Na kutangulia kunaumiza. Olimpiki ya Moscow 1980, mita 3000 kuruka viunzi na maji, Bayi aliongoza tena, mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata. Akarudi na medali ya fedha. Fedha hiyo na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000, michezo hiyo hiyo, ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo mpaka leo.

Sasa kosa lako. Ukigawa 5:31, wastani wako ni sekunde 88 kwa mzunguko, na wewe wa kwanza ulipita kwa 70. Huko si kutangulia, huko ni kukimbizwa na nyuki. Hata mimi nilifanya hivyo nikiwa kidato cha nne, nikatapikia viatu vya mwamuzi. Mara nyingine pita kwa 84 au 85. Kama sekunde hizo zinakuweka mbele, kaa mbele. Zikikuweka wa sita, kaa wa sita, uone mizunguko miwili baadaye nani ana mafuta.

SWALI: Mwalimu, huyo Bayi wako mbona hana dhahabu ya Olimpiki?
Mzee wa Kijiwe, Singida

JIBU: Mzee mwenzangu, umenigusa penye kidonda. Mwaka wake ulikuwa 1976, Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, nchi za Afrika zikataka New Zealand itolewe, haikutolewa, zikasusa. Tanzania ilikuwa miongoni mwao na mimi siilaumu. Walker alichukua dhahabu kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Najua, mbio za fainali huwa za taratibu. Mke wangu ameshanieleza hivyo mara nyingi, halafu huenda zake jikoni.