Gari «linalojiendesha», «la kujiendesha» au «lisilo na dereva»?

SWALI: Nasoma sana habari za kompyuta na kamera mpya zinazofungwa kwenye magari ya umeme. Gari lile lile huitwa «linalojiendesha» hapa, «la kujiendesha» pale, na «lisilo na dereva» kwingine. Je, maana ni moja? Na vile vifaa vinavyolionyesha gari njia, ni sahihi kuviita «sensa»?

JIBU: Maana si moja. Kila umbo hapo linatoa dai lake kuhusu gari, na msomaji anaweza kufanya uamuzi wa fedha au wa usalama kwa kutegemea dai hilo.

Tuchanganue «linalojiendesha»: li-na-lo-ji-endesha. Li- ni ya ngeli ya gari, -na- ni wakati uliopo, -lo- ni urejeshi, -ji- inasema mtenda na mtendwa ni yule yule, na «endesha» ni kauli ya kutendesha ya «enda». Ukikusanya vipande hivyo unapata gari ambalo sasa hivi, au kwa kawaida yake, linafanya kazi ya dereva. Mtu wa pili hana nafasi ndani ya neno hilo. Kwa hiyo neno linazifaa teksi za kampuni ya Waymo za Phoenix, Marekani, ambako tangu mwaka 2020 abiria wa kawaida hubebwa bila mtu yeyote kwenye kiti cha dereva. Halilifai gari ambalo mwenyewe anatakiwa kukodolea macho barabara muda wote, hata kama usukani unazunguka bila kuguswa.

«Gari la kujiendesha» limejengwa kwa a-unganifu na kitenzi-jina, kama «maji ya kunywa» au «shamba la kulima». Muundo huu hutaja kazi iliyokusudiwa. Maji ni ya kunywa hata kabla hayajanywewa, na shamba ni la kulima hata likiwa bado pori. Hautuambii kama kazi imeshaanza.

Tofauti hiyo ina uzito wake katika historia ya Tesla. Mwezi Oktoba 2016 kampuni hiyo ilitangaza kwamba magari yake yote yanayotoka kiwandani yana maunzi (vifaa vinavyoshikika, kama kompyuta na kamera) yanayotosha kujiendesha kikamilifu. Mwaka 2019 ikabadilisha kompyuta yenyewe na kuleta ya kizazi cha 3, yenye chipu mbili kwenye bodi moja, na mwaka 2023 ikaanza kufunga ya kizazi cha 4 pamoja na kamera zenye picha kali zaidi. Mwaka 2024 jina la programu likaongezewa neno la kuonyesha kwamba dereva bado anasimamia. Mwandishi aliyeandika mwaka 2016 «magari yanayojiendesha» aliwapotosha wasomaji wake. Aliyeandika «magari ambayo kampuni inasema yana maunzi ya kujiendesha» aliandika kilichosemwa, na sentensi yake inasomeka bila aibu mpaka leo.

Hata hivyo «la kujiendesha» lina mtego, na «lisilo na dereva» lina huo huo. Kwa wakodishaji magari wa Arusha au Nairobi, gari hukodishwa «pamoja na dereva» au «bila dereva», na hilo la pili ni gari ambalo mteja anashika usukani mwenyewe. Mtu wa biashara hiyo akisoma «gari bila dereva» au «gari la kujiendesha» hafikirii kompyuta hata kidogo. Ukitaka asikosee, andika «lisilohitaji dereva». Silabi mbili za ziada, na mkanganyiko umekwisha.

Kabla ya kuchagua neno, uliza nani anawajibika kuangalia barabara. Wahandisi wamekwisha kuligawa jambo hili katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5, kwa kufuata kiwango kiitwacho SAE J3016, na Kiswahili kinatosha kabisa kuzieleza. Katika ngazi ya 2 gari linashika usukani, breki na mwendo, lakini dereva anaangalia muda wote: huu ni «mfumo wa kumsaidia dereva». Tafadhali usiuache ule -m-. «Mfumo wa kusaidia dereva» unachechemea kwa sababu dereva ni mtu na anadai kiambishi chake ndani ya kitenzi. «Mfumo wa msaada wa dereva» ni mbaya zaidi, kwani unaweza kusomwa kwamba dereva ndiye anayetoa msaada. Katika ngazi ya 3 dereva anaruhusiwa kuondoa macho barabarani, ila lazima apokee usukani akiitwa. Mercedes-Benz walipata idhini ya mfumo wa namna hiyo Ujerumani mwishoni mwa 2021, kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Hapo andika «gari linalojiendesha kwa masharti», kisha yataje masharti. Ngazi ya 4 ndiyo ya Waymo: gari linajiendesha kweli, lakini ndani ya eneo lililowekwa. Lile eneo nalo litajwe, maana ni sehemu ya habari.

Mfumo huo wa Mercedes ulifungwa kwenye EQS, ambalo ni la umeme, na pia kwenye S-Class la injini ya mafuta. «Gari la umeme» na «gari linalojiendesha» ni sifa mbili tofauti, na vichwa vya habari vinavyozitumia kama sifa moja vinakosea.

Makosa ya upatanisho ninayoyaona mara nyingi ni haya. «Gari ambalo linalojiendesha» lina urejeshi mara mbili. Chagua «ambalo linajiendesha» au «linalojiendesha». «Litalojiendesha» si sanifu, kwa sababu urejeshi wa wakati ujao unahitaji -taka-: «litakalojiendesha». «Linajiendesha yenyewe» linagombana na ngeli, liwe «lenyewe». Neno hilo linatia mkazo tu, kwani -ji- imeshabeba maana. Katika mazungumzo wengi husema «gari hii inajiendesha», na hakuna ubaya mitaani, lakini katika maandishi shika LI-YA tangu mwanzo hadi mwisho. Upatanisho ukilegea hapa, maana inapotea kabisa. «Kampuni ya magari yanayojiendesha» inatengeneza magari ya aina hiyo. «Kampuni ya magari inayojiendesha» ni kampuni inayojigharimia, kama tunavyosema shirika «linajiendesha kwa faida». Kiambishi kimoja kimehamisha habari kutoka barabarani hadi kwenye hesabu za fedha.

Sasa vifaa. Mafundi gereji husema «sensa», na kwa fundi na mteja wake waliosimama mbele ya injini neno linatosha. Katika maandishi lina shida, kwa sababu sensa ni hesabu ya watu, kama Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Tanzania mwaka 2022. Andika «kihisi», wingi «vihisi». Kinatokana na «hisi», kinaingia ngeli ya KI-VI bila taabu, na kinabeba kamera, rada na lida kwa pamoja. Kwa mfano: «Jaguar I-PACE za Waymo zina vihisi vya aina tatu: kamera 29, rada 6 na lida 5. Maunzi ya kizazi cha 6, yaliyotangazwa mwaka 2024, yamepunguza kamera hadi 13 na lida hadi 4.» Lida hupima umbali kwa miale ya leza, rada kwa mawimbi ya redio. Mara ya kwanza unapozitaja, maelezo mafupi kama hayo yanatosha.

«Maunzi» ni jina la vyote vinavyoshikika: kompyuta, chipu, nyaya, vihisi. Linachukua ya-, hivyo ni «maunzi mapya», si «maunzi mpya», ingawa ni «kompyuta mpya» na «kihisi kipya». Vitenzi vyake navyo vina mipaka. Programu husasishwa, na inaweza kuingia kwenye gari kwa intaneti wakati mwenyewe amelala. Maunzi hufungwa, hung'olewa na hubadilishwa kwa mkono wa fundi. Ukiona «kampuni itasasisha kamera kwa intaneti», mwandishi amechanganya mambo mawili, na mwenye gari la zamani atasubiri bure kamera ambayo haiwezi kuja kwa njia hiyo.