Mkono wa Polepole: Kumpakata na Kumkanda Mtoto Mchanga

Wazazi wapya huonywa kila mara kwamba mtoto mchanga asibebwe sana, kwa kuwa akizoea mikono hatakubali tena kulazwa peke yake. Mke wangu na mimi tuliambiwa hivyo na watu waliotutakia mema, na hadi leo sikubaliani nao. Hisia ya mguso ndiyo ya kwanza kuanza kukua tumboni, takribani wiki ya 8 ya ujauzito, mapema kuliko kusikia na kuona, na kwa miezi yote inayofuata ngozi ya mtoto huguswa bila kukoma na maji na kuta za mji wa mimba. Anapozaliwa, kilicho kigeni kwake ni kitanda, wala si mikono.

Jambo hili lilikwisha kupimwa. Mwaka 1986 Urs Hunziker na Ronald Barr, mjini Montreal, walichapisha utafiti ambao ndani yake kundi moja la wazazi liliombwa kuwabeba watoto wao kwa angalau saa 3 za ziada kila siku, hata watoto hao wakiwa wametulia. Walipofikia wiki ya 6, umri ambao kilio huwa kimepamba moto, watoto waliobebwa zaidi walilia kwa muda mfupi kuliko wenzao kwa asilimia 43. Sharti la kumbeba mtoto akiwa ametulia ndilo ambalo wengi wetu hulisahau, kwa sababu humnyanyua pale tu anapoangua kilio. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kubebwa zaidi hakukusaidia sana watoto ambao tayari walikuwa na msokoto wa tumbo, hivyo mzazi asijilaumu akiona mwanawe anaendelea kulia kifuani pake.

Mimi niliamini nguvu ya ngozi kupitia binti yetu wa kwanza, aliyezaliwa njiti. Muuguzi aliniambia nifungue vifungo vya shati, akamlaza kifuani pangu akiwa na nepi na kofia tu, kisha akatufunika sote wawili kwa blanketi. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimekunjamana kama ngumi ndogo. Baada ya muda nilihisi vikifunguka kimoja baada ya kingine ubavuni mwangu, na pumzi yake, ambayo awali ilikuwa ya kukatikakatika, ikaanza kwenda kwa mpangilio.

Huduma hiyo ya ngozi kwa ngozi, inayoitwa huduma ya kangaruu, ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na uhaba wa vifaa vya kuwatunzia watoto njiti. Kilichobuniwa kwa shida kimethibitika kuwa tiba kamili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kuwaanzishia watoto wenye uzito mdogo huduma hii mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa asilimia 25. Shirika la Afya Duniani sasa linapendekeza ifanyike kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye anaweza kupokezana na mama katika kazi hii, na ningependa akina baba waambiwe hivyo mapema.

Kukanda ni hatua nyingine, na hapa yafaa kupima maneno. Tiffany Field na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 1986 matokeo ya kuwakanda watoto njiti kwa dakika 15, mara 3 kwa siku, kwa siku 10: watoto hao waliongezeka uzito kwa asilimia 47 zaidi kwa siku kuliko wenzao, ingawa maziwa waliyokunywa yalikuwa sawa. Inaaminika kwamba mkandamizo wa wastani huichochea neva ya vagasi, ambayo huliamsha tumbo kusaga chakula vizuri zaidi. Kwa mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya, ushahidi si mzito kiasi hicho, na anayekuahidi kwamba mwanao atakuwa na akili nyingi kwa sababu ya kukandwa anatia chumvi. Unachoweza kukitarajia ni utulivu, usingizi wa kueleweka zaidi, na wewe mwenyewe kumjua mwanao.

Siri yenyewe ni mwendo wa mkono. Katika ngozi yenye vinyweleo mna nyuzi za neva zinazoitikia hasa mpapaso wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, tena wa mkono wenye joto la mwili. Ndiyo maana mimi, ninapoteremsha kiganja kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, huhesabu kimoyomoyo hadi nne. Kusugua harakaharaka humchosha, na kugusa kwa ncha za vidole humtekenya.

Chagua wakati ambapo yuko macho na ametulia, wala si mara tu baada ya kunyonya. Anza na miguu, kwa kuwa watoto wengi huikubali kwa urahisi kuliko kifua. Tumboni, zungusha kiganja kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kwani ndivyo utumbo mpana unavyopita. Mafuta yawe machache, yasiyo na manukato, na uyapashe moto viganjani kwanza. Ya zeituni, ambayo wengi huyasifu, yameonekana kudhoofisha ngozi, kwa hiyo mimi hutumia ya alizeti. Usibonyeze utosi, usivute viungo, usijaribu kunyoosha pua wala kufinyanga kichwa, na liache paja lililochomwa sindano ya chanjo. Mwenye homa asikandwe.

Mtoto naye ana kauli yake. Akigeuza uso, akitanua vidole vya mikono kwa ghafla, akijipinda mgongo au akianza kwikwi, amesema basi. Hapo huwa naacha kiganja kimetulia juu yake bila kukisogeza; ikiwa bado hapendi, namvika nguo na shughuli imekwisha, hata kama tulikuwa tumemaliza mguu mmoja tu. Kanuni hii naiona kuwa muhimu kuliko mtindo wowote wa kukanda, na ni vigumu kuifuata ukiwa umejipangia dakika zako.

Akianza kutambaa hatakubali tena kulazwa chali. Mwanetu wa pili alikuwa akigeuka na kutoroka akiwa bado anang'aa kwa mafuta, nasi tukahamishia kazi kwenye mgongo, akiwa amesimama kwa kushikilia magoti ya mama yake, kwa muda mfupi tu kabla ya kuvaa nguo za kulalia.